Mashine yetu ya kusaga inakula samadi, na maji ya Nzega yametosha

Ukitaja biogesi, yaani gesi ya kuwashia inayotokana na samadi, huku kwetu upande wa Bukene, wilaya ya Nzega, jibu la kwanza utakalopewa ni maji. "Maji ya kunywa tunayafuata mbali, wewe unataka ya kunywesha mavi?" Nimeambiwa hivyo na majirani, nimeambiwa na muuza pembejeo, na kuna mgeni mmoja alifunga safari kutueleza kwamba mambo haya ni ya Arusha na Kilimanjaro, ng'ombe wanakofungiwa bandani na bomba liko uani. Leo mashine ya familia yetu inasagia kitongoji kizima kwa gesi ya ng'ombe wa Baba, na bado maneno ni yaleyale. Yamenichosha.

Samadi mbichi inachanganywa na maji nusu kwa nusu, ndoo kwa ndoo. Hilo ni kweli. Lakini nani alisema maji hayo yote lazima yatoke kisimani? Ng'ombe anakojoa usiku kucha! Tulichofanya ni kusakafia kwa saruji sehemu ya zizi wanakolala, sakafu ikainama kidogo kuelekea kwenye mfereji, na mfereji ukaishia kwenye shimo la kuchanganyia. Asubuhi mkojo uko pale, bure. Mkojo mtupu haufai kwa sababu ukali wake unaua vijidudu vinavyotengeneza gesi, kwa hiyo tunauongezea maji yaliyooshea vyombo kabla sabuni haijaingia, pamoja na majimaji yanayochujwa kutoka kwenye tope linalotoka upande wa pili wa mtambo, yaani lile shimo lililojengewa na kufunikwa ambamo samadi inaoza na kutoa gesi. Tope hilo lina vijidudu hai tayari. Maji safi tunayotia ni kidogo sana, na kiangazi kikikaza hatutii kabisa.

Sakafu hiyo ndiyo iliyoponya mtambo wa kwanza, maana ulianza vibaya. Aliyetuuzia vifaa alisema samadi ni samadi, tujaze tu ile iliyopo. Zizi la Baba lina samadi ya miaka, imelundikana mpaka inafika magotini. Tukakodi mikokoteni, vijana wakachimba, tukajaza. Tukasubiri. Mwezi ukaisha, gesi ikaja kwa pumzi ndogo, ukiwasha inazima. Muuzaji kwenye simu akasema tuongeze dawa fulani, anayo dukani kwake. Hatukuinunua. Fundi aliyejenga, mmoja wa waliofunzwa kwenye ile Programu ya Biogesi ya Majumbani iliyoanza 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, alipofika alichota konzi moja ya samadi yetu, akaisugua viganjani, akanionyesha mchanga. Samadi ya zamani imekwisha kuoza juani, chakula cha vijidudu kimeshatoka. Kilichobaki ni mbolea nzuri ya shamba na mchanga wa Nzega. Mchanga ulikuwa umelala chini ya mtambo umejaza karibu robo.

Kuutoa ndiyo ilikuwa kazi. Fundi alikataza katakata mtu kuingia. Mfuniko ulifunguliwa ukaachwa wazi siku kadhaa, moto na sigara marufuku eneo lote, kisha tukakoroga na kuvuta kwa ndoo tukiwa juu. Ukisikia mtu anakwambia ingia tu ukasafishe, huyo hakutakii mema: gesi ile inaua kimyakimya, na anayeshuka kumwokoa mwenzake anabaki humohumo. Tulipomaliza tukajaza samadi ya asubuhi tu, mbichi, kutoka kwenye saruji. Gesi ya kwanza iliachiliwa hewani kwa sababu sehemu kubwa huwa ni hewa ya ukaa. Baada ya hapo moto ukawaka wa bluu.

Tulijenga mtambo wa pili mwaka uliofuata. Kila mmoja ni mita za ujazo 13, ndiyo saizi fundi aliyokuwa na uhakika nayo.

Sasa injini. Hapa ndipo palipo na utamu. Mashine yetu ni ya dizeli, ile ya zamani yenye gurudumu zito, na kila mtu alituambia tuuze tununue jenereta ya gesi. Haikuhitajika. Injini ya dizeli haina plagi, inawasha mafuta kwa mgandamizo. Gesi peke yake haitawaka mle, lakini ukiacha tone la dizeli liingie, tone hilo linawasha gesi yote. Tulichokata ni bomba la kuvutia hewa tu, baada ya ea-klina (chujio la hewa), tukapachika mpira wa gesi wenye koki. Unaiwasha kwa dizeli kama kawaida. Ikishashika mwendo unafungua koki taratibu. Injini inataka kukimbia, gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, inahisi, inapunguza dizeli yenyewe! Hakuna kompyuta, hakuna fundi wa mjini. Unaendelea kufungua mpaka usikie imeanza kugonga, hapo umezidisha, rudisha koki kidogo uiache. Gesi ikikatika ghafla, dizeli inarudi yenyewe na unga hauharibiki. Dumu lililokuwa linaisha kwa wiki siku hizi linakaribia mwezi.

Usipeleke gesi kwenye injini bila kuichuja. Ile harufu ya yai viza ndiyo inayokula chuma ndani. Chujio letu ni kipande cha bomba pana kilichojazwa vumbi la chuma kutoka kwa mafundi wa kuchomelea na stiliwaya zilizokwisha kushika kutu. Kutu ndiyo inayofanya kazi, usitie chuma kipya kinachong'aa. Ikigeuka nyeusi tunaitoa, tunaianika mbali na majani makavu kwa sababu hupata joto, inashika kutu upya, inarudi kazini. Bomba nalo liinamie upande mmoja, na pale chini kabisa weka koki ya kutolea maji.

Yule mgeni aliyesema mambo haya si ya kwetu sasa alitaka tufue umeme kwa gesi na kuvuta nyaya nyumba hadi nyumba. Nilipiga hesabu naye palepale. Ng'ombe wetu ni kama 50. Wanashinda malishoni, kwa hiyo tunapata samadi ya usiku tu, tuseme kilo 5 kwa ng'ombe. Kilo moja inatoa lita 35 mpaka 40 za gesi. Siku nzima ni mita za ujazo 9 hivi, na mita moja ikipita kwenye injini ndogo inakupa karibu uniti moja na nusu ya umeme. Uniti 13 ugawie kitongoji kizima? Nguzo na nyaya zingekula fedha ya mtambo wa tatu. Gesi hiyohiyo inasaga saa mbili kila jioni, na mkanda wa pili unazungusha dainamo inayochaji betri ambazo watu wanaleta na kuondoka nazo. Zahanati wanaleta za kwao pia. Kijiji kilihitaji unga na taa, na vyote vimepatikana bila nguzo hata moja.

Mama alishika gesi ya jikoni kabla ya mashine kupata yake, na hilo halina mjadala. Bibi alikuja kuonja ugali akinusa kila tonge.

"Mayu (mama), unasikia harufu?" nikamwuliza Bibi.

"Sisikii. Lete mboga."

Wenye ng'ombe wachache wanaleta samadi yao mbichi asubuhi kwa mikokoteni, tunaandika kwenye daftari, na wakija kusaga wanapunguziwa. Wakirudi wanachukua tope kupeleka kwenye majaluba yao. Mwanzoni waliliogopa, sasa mpunga ukishapandwa wanaligombea, nikiwaacha hata langu halibaki.

Kuna miezi miwili ya tabu. Juni na Julai usiku ni baridi, vijidudu vinalegea na gesi inapungua. Tunafunika mitambo kwa pumba za mpunga na kusaga siku moja ndiyo, moja hapana. Septemba kundi linahama kutafuta malisho, hivyo tunabakiza ng'ombe wa maziwa na kuwalisha mabua na majani ya ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, tuliyoitunza tangu masika. Ukitaka kujenga, anza na ngitili kwanza kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji: yaani tenga eneo, lizungushie, lisiguswe. Bila hilo Oktoba utakuwa na mtambo mtupu.

Bei ya kusaga debe kwetu iko chini ya mashine za dizeli, na dizeli ilipopanda wao walipandisha. Sisi hatukupandisha.