Ajenda ya Saba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Luka 5:1-11. Lisome kwanza ukiweza, kisha urudi hapa.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta risiti ya zamani, nikalifungua daftari la kamati yetu ya mkutano wa injili. Ni kaunta buku la kawaida, jalada limechanika pembeni, na mwandiko ni wangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nikajikuta nasoma. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala saa 10:05 jioni. Ajenda ya kwanza ilianza saa 10:07. Kikao cha pili vivyo hivyo. Jukwaa, jenereta, spika za kukodi, nauli ya mhubiri mgeni, sare za kwaya, nani hajamaliza ahadi yake. Kisha, kwenye kikao cha nne, chini kabisa ya ukurasa: "Ajenda ya 7: Maombi. Imeahirishwa hadi kikao kijacho kwa sababu ya muda."

Nikafunua kikao cha tano, cha sita, mpaka cha mwisho. Ajenda ile haikurudi tena.

Nilikaa na daftari lile mapajani kwa muda mrefu. Hakuna mjumbe aliyekuwa na nia mbaya. Tulimpenda Bwana, tulitoa fedha zetu, wengine walitoka kazini bila kula ili wawahi kikao. Na mkutano wenyewe ulifana. Uwanja ulijaa, kwaya ziliimba vizuri, watu wakanyosha mikono, tukaihesabu, jumla ikaandikwa kwenye taarifa, na taarifa ikapokelewa kwa makofi. Tulichosahau ni kuandika majina. Miezi michache baadaye mwinjilisti wetu aliniuliza wale ndugu wanakaa mitaa gani, ili akawatembelee. Sikuwa na jibu. Tulikuwa na idadi, watu hatukuwa nao.

Ndiyo maana nimerudi kwa Petro.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavuvi wakawazungushia wavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hulala ufukoni, kwa maana taa haina kazi tena, na hakuna mzee wa ziwani utakayembishia hilo. Galilaya nako uvuvi wa nyavu ulikuwa wa usiku. Nyavu zilikuwa za kitani, na mchana samaki waliziona wakazikwepa. Asubuhi zilioshwa na kuanikwa, maana kitani kikikaa na unyevu huoza. Kwa hiyo Luka anaposema wavuvi walikuwa "wanaosha nyavu zao", anatueleza kwamba siku yao ya kazi imekwisha. Macho mekundu, migongo inauma, na hakuna cha kupeleka nyumbani.

Hapo ndipo Yesu anaposema, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Anayesema ni fundi seremala kutoka Nazareti, kijiji cha milimani. Jua limeshapanda. Yote ambayo Petro aliyajua tangu utoto kuhusu maji yale yalikuwa yanamwambia asithubutu. Akajibu maneno ambayo kila mhudumu angeweza kuyaandika ukutani kwake: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Angalia kwamba nyavu ni zilezile. Chombo ni kilekile, na mikono iliyovuta kasia usiku ndiyo iliyovuta kasia asubuhi. Kwa macho ya mtu aliyesimama ufukoni, kazi ya usiku na kazi ya asubuhi hazikutofautiana hata kidogo. Kilichobadilika ni neno lililowapeleka.

Lakini mimi linalonishika zaidi ni jambo la mwisho. Vyombo viwili vimejaa samaki mpaka vinataka kuzama. Mvuvi aliyekesha bure akipata mzigo kama ule, siku hiyo angekuwa anapiga kelele za bei. Petro anapiga magoti: "Ondoka kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye dhambi, Bwana." Halafu mstari wa 11: "Hata walipokwisha kuviegesha pwani vyombo vyao, wakaacha vyote wakamfuata." Waliacha na samaki! Mavuno makubwa kuliko yote ya maisha yao yakabaki pale mchangani, na Luka hatuelezi hata ni nani aliyeyachukua. Nadhani Petro aliweza kuyaacha kwa sababu alijua hakuyavua yeye. Mtu hang'ang'anii kitu anachojua kwamba amepewa.

Sisi tuling'ang'ania samaki wetu. Tuliwahesabu, tukawaandika, tukawapigia makofi. Na hapo ndipo ninapoona kwamba kuiahirisha ajenda ya saba hakukuwa kosa la ratiba. Tulikuwa tumeshaamini, bila kulisema, kwamba jenereta na spika zikiwepo, mengine yatakwenda.

Katika siku hizi nimekuwa nikiwafikiria pia waliotutangulia kule pwani ya mashariki. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mpango mkubwa: mlolongo wa vituo vya injili kutoka pwani hiyo mpaka Atlantiki. Julai mwaka uleule homa ikamchukua mkewe Rosine, kisha binti yao mchanga, na yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Kaburi liko Nyali. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa mapambano yameanza. Katika mwaka huo wa msiba alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 akaja mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda wote mpaka Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, wakiwa wamedhoofika kwa homa. Na mwaka 1851, miaka 7 tangu Krapf atie mguu Mombasa, akabatizwa mtu mmoja. Aliitwa Mringe, alikuwa mlemavu, na alikuwa karibu kufa.

Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Naiwaza fomu yetu ya taarifa mbele yake, mahali palipoandikwa "idadi ya waliookoka". Lakini Rabai hiyohiyo, baadaye, ikawa mahali ambapo watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia, mamia kwa mamia, wakapata hifadhi kwenye kituo cha misheni. Hilo halikuwa kwenye mpango wa Krapf. Mlolongo wa vituo alioupanga hakuuona, na kimbilio ambalo hakulipanga Mungu alilisimamisha juu ya mlima ule ambao wao walikuwa wameupanda wakitetemeka.

Najua mtu ataniuliza: basi tusijiandae? Tuache bajeti, tukae tu tunaomba? Hapana. Katika Zekaria 4, Zerubabeli anapolijenga upya hekalu la Yerusalemu, watu wengi tunaukumbuka mstari wa 6: "Si kwa uwezo, wala si kwa nguvu, bali ni kwa roho yangu, asema Bwana wa majeshi." Shuka mistari mitatu tu: "Mikono yake Zerubabeli imeiweka misingi ya nyumba hii, na mikono yake ndiyo itakayoimaliza." Ni mikono ya mtu, yenye vumbi la mawe. Mungu hakumwambia Zerubabeli aweke chini mwiko wake. Alimwambia nguvu zinatoka wapi.

Kwa hiyo jenereta tutakodi tena. Bajeti tutaandika, tena kwa uangalifu zaidi, maana fedha ni za watu na ni za Mungu. Ila juzi nilimwendea mwenyekiti wetu nyumbani kwake na lile daftari, nikamwonyesha ukurasa ule. Alivaa miwani akausoma kimya. Akaurudia. Kisha akaniambia, "Mwanangu, na mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho." Tukapiga magoti palepale sebuleni, kati ya viti na meza, na mama mchungaji akatoka jikoni akapiga magoti pamoja nasi, mikono yake ingali na unga.

Kikao chetu kijacho ni Alhamisi saa kumi jioni. Ajenda nimeshaziandika. Maombi ni ya kwanza, na pembeni yake sikuweka saa. Ya pili ni majina: tutakwenda mtaa kwa mtaa kuwatafuta wale tuliowahesabu, hata kama tutampata mmoja tu. Jukwaa na spika tutayafikia tutakapoyafikia. Mtuombee siku hiyo, wapendwa.