Nilivyofufua Hilux ya marehemu mjomba nyumbani Kihesa, Iringa, kwa laki mbili mbili za mshahara

Gari yenyewe ni Hilux LN106, singo kebini, ya mwaka 1992, injini 3L ya dizeli, ile ya cc 2,779, mbele ina springi za mabapa kama lori. Mjomba alikua anabebea nyanya kutoka mashambani Ilula mpaka barabara kuu, ile pikapu ya bluu ikipita kila mtu anajua ni yeye. Alivyofariki ikapaki nyuma ya nyumba, miaka sita, tairi zikaisha upepo, majani yakaota mpaka kwenye bampa, kuku wakawa wanatagia ndani ya kabini. Watu wa chuma chakavu walishafika bei laki tisa. Niliposikia hivo moyo uliniuma kwakweli, maana mimi nimejifunza kuendesha kwenye gari ile ile nikiwa kidato cha pili, mjomba kakaa pembeni ananiambia polepole mjomba, klachi haikanyagwi kwa hasira.

Nikaenda kwa mke wa mjomba nikamwambia mama, naomba uniachie mimi, nitakupa milioni moja na nusu ila kidogo kidogo kila nikivuna mahindi. Akakubali palepale. Kadi ilikua bado jina la marehemu, kwahiyo kabla sijagusa hata boliti moja tulihakikisha msimamizi wa mirathi ameandika barua na nyaraka za TRA zimeanza kushughulikiwa, na ninawaomba sana wenye gari za urithi msiruke hii hatua, unaweza ukamaliza hela yote kwenye gari alafu ndugu mmoja akatokea na neno.

Mimi ni mwalimu. Nilijipangia laki mbili kwa mwezi, haizidi, na daftari la kuandika kila shilingi. Nilikua tayari nimeshaanza kuulizia bei ya tairi na betri, nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa pale mtaani kwetu Kihesa, akaniambia, "Mwalimu, usinunue kitu. Kwanza izunguke." Hayo maneno ndio yaliyoniokolea hela kuliko kitu kingine chochote.

Maana injini iliyokaa miaka sita inaweza ikawa imeshika, ringi zimeganda na kutu kwenye silinda, ukiilazimisha na stata unavunja. Tukafungua hita plagi zote nne, zile za kupasha joto silinda injini ikiwa baridi, kwenye kila tundu nikamimina oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, nikaziba na vitambaa nikaacha. Kila jioni nikitoka shule naingia chini na spana ya boksi na bomba refu, naweka kwenye boliti ya puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, navuta taratibu. Siku ya kwanza haikutikisika, ya pili hivohivo, ya tano nikasikia kama kitu kimeachia, bomba likasogea kama upana wa vidole viwili. Nikairudisha, nikavuta tena, ikasogea zaidi. Nilikaa pale chini mikono imejaa oili nikamuita mke wangu aje aone puli inazunguka, akaja na mtoto mgongoni wakawa wanaangalia tu na tochi ya simu.

Ila oili ya chini ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ukajua maji yameingia, gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imeungua, na mke wa mjomba akakumbuka kwamba siku za mwisho gari ilikua inachemsha. Tukafungua hedi. Kwa bahati haikua na ufa, imepinda tu, ikaenda kusawazishwa kwenye mashine kwa 150,000 pamoja na kupimwa kwa presha. Hizi injini gasketi zake zina unene tofauti, zina alama pembeni, usinunue tu kwa kusema naomba gasketi ya 3L, nenda na ya zamani mkononi, au kama unaagiza piga picha ile alama. Yangu niliagiza Kariakoo ikaja na basi, seti nzima 180,000. Timing belti, mkanda unaolinganisha valvu na pistoni, na tensheni yake 140,000, hapa usibane hela kabisa, belti ikikatika kwenye hii injini valvu zinagonga pistoni na kazi yote uliyofanya imeisha. Na boliti za hedi tulikaza kwa toki renchi ya kukodi, spana inayopima nguvu ya kukaza, unaanzia katikati unaenda nje, kwa awamu, sio kwa nguvu za mkono.

Tangi la mafuta lilikua na kutu ndani mpaka ukilitikisa linalia. Jipya sikuweza. Nililishusha, nikaweka kokoto safi ndogo ndogo kama debe nusu na maji ya sabuni, nikaziba matundu, nikalifunga na magodoro chakavu, watoto wa jirani wakawa wanalibiringisha uani jumamosi nzima, tunamwaga maji mekundu, tunaweka mengine, mpaka yakatoka meupe. Likakaa juani siku mbili nikalisuuza na dizeli. Filta mpya mbili, moja niliitupa baada ya wiki moja tu ya kuwaka maana kutu iliyobaki lazima ishuke. Alafu kutoa hewa, unapampu ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, unalegeza nati za mabomba ya nozo zinazorusha dizeli kwenye injini huku mtu anapiga stata, dizeli ikianza kuruka bila mapovu unakaza. Iliwaka usiku saa mbili, mwezi wa saba wangu na hii gari, moshi mweupe ukajaa uani, majirani wakatoka.

Breki ndio zilinitesa. Mbele ni diski, nyuma ni dramu, na silinda za nyuma zote mbili zilikua zimeganda. Nikanunua rabakapu, zile raba za ndani ya silinda, masta silinda ya breki nikaisafisha, zikashika vizuri sana. Wiki moja baadae kijana mmoja aliyekua ananisaidia akaona mafuta ya breki yamepungua akaongeza haidroliki ya stiringi. Hakujua. Raba zote zikavimba, breki zikawa zinashika zenyewe hata hujakanyaga, gurudumu linachoma mkono. Ikabidi kufungua mfumo mzima, kuosha mabomba, raba zote mpya tena, 130,000 nyingine ambayo haikua kwenye daftari. Toka siku hiyo kopo la mafuta ya breki nalifungia ndani.

Waya panya walikua wamekula nyuma ya dashibodi, niliunga mwenyewe kwa lehemu, rangi kwa rangi, jioni nne. Chasisi ilikua nzima isipokua karibu na springi za nyuma kushoto, pale nililipa mtu anayejua kuchomelea, hapo sio pa kujaribia, na sakafu ya bodi la nyuma ilioza nikaweka mbao za mlingoti kwanza. Tairi za mtumba nne 480,000, betri 280,000.

Rangi ilikua mwisho kabisa. Brashi ya waya, msasa, redoksaidi ya kuzuia kutu, fila kidogo sana kwasababu fila nyingi juu ya kutu inabanduka, nikakodi kampresa siku mbili tukapiga asubuhi mapema kabla vumbi halijaamka. Bluu ileile. Rangi peke yake 420,000. Jumla kwenye daftari, pamoja na fundi na hasara ya breki, 3,370,000, miezi 17, ukiacha ile milioni moja na nusu ya kununulia.

Mtihani nilioufanya ni kushuka Ipogolo na kupanda kile kilima kurudi mjini na mchanga nyuma, macho yangu yako kwenye mshale wa joto tu. Ulifika katikati ukasimama hapohapo mpaka juu. Fundi mzee alikua pembeni yangu, hakusema kitu, alikua anasikiliza injini.

Jumapili iliyofuata nikakata bima ndogo nikaenda nayo Ilula. Mke wa mjomba aliisikia kabla hajaiona, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanisalimia kwa Kihehe, kamwene, akazunguka gari lote, akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale muda mrefu. Nikampa laki mbili ya mwisho ya deni. Alafu akaniambia kama ina nguvu basi kuna matenga nane ya nyanya yako shamba yanasubiri.

Tukaenda kuyapakia.