Umehamisha domeini, picha na sauti je?

Kuna kitu nakiona sana kwenye tovuti zetu na kinaniuma kweli. Mtu kahamia domeini mpya (yaani jina la anwani ya tovuti), labda alikuwa blogspot, zile blogu za bure za Google, sasa kanunua .co.tz yake, kafurahi, linki kaisambaza kwenye magrupu yote ya WhatsApp, maandishi yapo vizuri kabisa, halafu ukifungua posti za 2013 au 2014 unakuta penye picha kuna kiboksi kitupu, na ile plea (kicheza sauti) ya mahojiano na mzee wa kijijini inazunguka tu haichezi. Maandishi yamehama, sauti na picha zimeachwa. Na maandishi mtu anaweza kukaa akayaandika upya, lakini sauti ya mzee aliyeshafariki unaipata wapi tena?

Shida inaanzia hapa. Ukiweka picha au sauti kwenye posti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), inaandikwa anwani nzima ndani ya posti, kuanzia http mpaka jina la faili, na hiyo inakaa kwenye databesi, ghala la maandishi na setingi za tovuti. Ukienda kwenye setingi ukabadilisha anwani ya tovuti, zile posti za zamani hazijui, zenyewe zinaendelea kuita kulekule. Kibaya zaidi mwanzoni huoni kitu, kwa sababu hostingi ya zamani (seva unayolipia kuweka mafaili ya tovuti) bado iko hai na picha zinaletwa kutoka huko, unafungua unaona kila kitu kiko poa, unaacha kulipia kule, siku wakizima ndo unajua. Waliotoka blogspot wao ni hivyohivyo tu, maana mara nyingi ukiimpoti maandishi yanakuja ila picha zinaendelea kuitwa kutoka seva za Google (ukiona bp.blogspot.com au blogger.googleusercontent.com kwenye anwani ya picha ujue hiyo haijahama), na Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 wanaweza kuifuta. Sasa ile akaunti uliyofungulia blogu enzi hizo, bado unaingia?

Watu wengi wanasema aah, si nitaweka tu redairekti ya 301 (inayompeleka mtu moja kwa moja) kutoka domeini ya zamani kwenda mpya, imeisha. Redairekti weka, ni lazima, lakini isiwe ndo dawa yenyewe, maana inafanya kazi siku zote unazolipia domeini ya zamani na si zaidi ya hapo. Siku ukiiachia mtu mwingine anainunua, na kurasa zako bado zinamwita yeye. Hii imeshatokea kwa wakubwa kabisa. Vidme ilikuwa huduma ya kuweka video, ikafungwa mwishoni mwa 2017, baadaye domeini yake ya vid.me ikanunuliwa na kampuni ya video za ngono, na Julai 2021 watu wakifungua makala za zamani za Washington Post na HuffPost, palipokuwa na video ya habari wanakutana na ngono. Hakuna aliyevunja tovuti za watu, ni linki tu zilizoachwa ndani ya makala. Na ukiwa umepachika skripti ya plea, yaani programu ndogo inayoitwa kutoka tovuti nyingine, ndo hatari zaidi, mwaka 2024 domeini ya polyfill.io, iliyokuwa inagawa skripti kama hizo, ilihamia kwa mmiliki mpya na miezi michache baadaye ikagundulika inaingiza kodi (code) chafu za programu kwenye tovuti zilizokuwa zinaiita, tena tovuti zaidi ya laki moja. Fikiria hiyo kwenye tovuti ya kwaya au ya madrasa. Kwahiyo msimamo wangu ni kwamba linki zirekebishwe kwenye chanzo, ndani ya posti zenyewe, mpaka kusibaki hata moja inayoita nyumbani kwa zamani.

Sasa kwenye kurekebisha, tafadhali usichukue faili la databesi ukalifungua kwenye edita ukafanya tafuta na badilisha. WordPress inahifadhi baadhi ya setingi pamoja na hesabu ya herufi zake, yaani inaandikwa hivi: s:18:"http://example.com", hiyo 18 ni idadi ya herufi. Ukibadilisha kwa mkono ikawa https://example.org herufi zimekuwa 19 lakini pale bado pameandikwa 18, PHP (lugha inayoendesha WordPress) ikisoma inaona hesabu haiendi na inatupa setingi nzima, ndo unashangaa wijeti na galari zimepotea wakati ulichogusa ni linki tu. Tumia kitu kinachojua kuhesabu. Mimi napenda WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa kuandika amri, na amri yake ni hii (example.com ni ya zamani, example.org ni mpya, weka zako):

wp search-replace 'http://example.com' 'https://example.org' --skip-columns=guid --dry-run

Bakapu kwanza lakini, hilo halina mjadala. Ile dry-run inakuonyesha ingebadilisha vingapi bila kugusa chochote, ukiridhika unaitoa unairudia. Na guid usiiguse kabisa hata kama unaona ina domeini ya zamani, ile ni kitambulisho cha posti, ukiibadilisha wanaosoma kwa fidi (programu zinazowaletea posti mpya zenyewe) wataletewa tena posti walizokwishasoma kama mpya. Kama hosting yako haina SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva) kuna plagini, yaani nyongeza ya WordPress, kama Better Search Replace inafanya kazi hiyohiyo. Halafu wanaotumia Elementor (plagini ya kupangia kurasa) wasiishie hapo, kule anwani zinaandikwa na mikwaju ya nyuma, http:\/\/example.com, kwahiyo utafutaji wa kawaida unazipita, rudia na muundo huo.

Video za YouTube hazihitaji kuguswa maana ziko YouTube, labda tu kama zimepachikwa kwa http, hilo nalitaja hapa chini. Ila kuna zile ambazo linki ni sahihi na bado hazichezi, hapo angalia ruhusa. Vimeo, huduma nyingine ya kuweka video, inaruhusu uchague ni domeini zipi zinaweza kuonyesha video yako, kama ulichagua ile ya zamani basi mpya inakataliwa mpaka uiongeze. Hotlink protection ya cPanel (setingi ya hostingi inayozuia tovuti nyingine kuita picha zako) nayo ni hivyohivyo, picha zinarudisha 403, yaani umekataliwa, na mtu anahangaika siku nzima na linki ambazo hazina kosa. Na ukitoka http kwenda https, iframe (fremu inayoonyesha kitu cha tovuti nyingine ndani ya ukurasa wako) yoyote iliyobaki na http brauza inaizuia kimyakimya, huku picha na sauti Chrome tangu 2020 inajaribu yenyewe kuziita kwa https, ikikosa haionyeshi.

Kujua kama umemaliza usitegemee kuangalia kwa macho. Fungua faili la hosts kwenye kompyuta yako (linaloiambia domeini ipi iko wapi), ielekeze domeini ya zamani kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta yako yenyewe, safisha kashe ya brauza, halafu tembea kwenye tovuti yako mpya hasa posti za zamani. Kwa kompyuta yako domeini ile imekufa, kwahiyo chochote kinachokatika ni kile kingekatika siku ya kweli, unakikamata mapema. Hii njia naipenda kuliko zote.

Domeini ya zamani endelea kuilipia. Google wanashauri redairekti ikae angalau mwaka 1, mimi nasema kama ilikuwa na jina la kikundi chenu basi ilipieni tu kila mwaka, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mtu kukaa na jina lenu.

Na kama tovuti yako imeshapoteza vitu, usikate tamaa mapema. Ingia web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uandike anwani ya zamani, picha nyingi zinapatikana huko, sauti na video zinasumbua zaidi. Kwa hizo waulize waliokuwepo, mpiga picha, aliyerekodi, watoto wa mzee mwenyewe, wape tarehe na jina la posti ili wajue watafute nini kwenye memori kadi na simu za zamani, na wakiipata waambie waitume WhatsApp kama dokumenti, isibanwe ikapoteza ubora.