Siku mbili Snæfellsnes: kila jabali na mwenyewe

Kwenye ramani ya Aisilandi, Snæfellsnes ni ule mkono uliochomoza upande wa magharibi, kaskazini ya Reykjavík, na kwenye ncha yake kuna volkano yenye kofia ya barafu, Snæfellsjökull, mita 1,446. Tuliuzunguka mkono huo kwa siku mbili za Juni kwa gari dogo la kukodi. Kutoka mji mkuu, kuzunguka na kurudi, ni kama km 450. Watu wengi huimaliza kwa siku moja, nao huona mandhari tu. Hadithi za hapa zimefungwa kwenye mawe: bila kusimama palepale, ukaona ufa wenyewe au jabali lenyewe, unabaki na majina magumu kutamka.

Kuhusu gari kwanza. Kwenye mzunguko huu barabara namba 54 na 574 zina lami, kwa hiyo kiangazi si lazima uwe na gari la 4x4. Kinachoharibu magari ni upepo. Ukifungua mlango upepo ukitoka nyuma, unaunyakua na kukunja bawaba, na bima nyingi za kukodi hazilipi uharibifu huo. Egesha pua ya gari ikielekea upepo, fungua mlango mmoja mmoja, na ushike kwa mikono miwili. Asubuhi tazama vedur.is kwa upepo na umferdin.is kwa barabara. Taa za mbele huwaka saa zote, hata mchana. Mwendo ni km 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye kokoto, 50 mjini. Vituo vingi vya mafuta havina mhudumu, na pampu inataka kadi yenye namba ya siri, basi jaza mjini Borgarnes kabla ya kuingia namba 54, usisubiri taa iwake.

Kituo cha kwanza kilikuwa Rauðfeldsgjá, ufa mwembamba kwenye ukuta wa mlima, muda mfupi kabla ya kijiji cha Arnarstapi. Kutoka maegesho unapanda kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Mlango ni mpana kiasi cha kukuhadaa; ndani kuta zinakaribiana na njia pekee ni kijito chenyewe. Viatu vya raba vya mjini havifai: maji ni ya theluji iliyoyeyuka na mawe yana utelezi. Kwa buti zisizopitisha maji unafika mbali kidogo, halafu maporomoko madogo yanaziba njia, na kwa wengi hapo ndipo mwisho. Mwanzo wa kiangazi mabonge ya theluji hubaki yameng'ang'ania juu na huanguka bila onyo, kwa hiyo usikae chini yake kupiga picha.

Jina limetoka kwenye saga, yaani masimulizi ya kale ya Aisilandi, ya Bárður, mlowezi wa kale aliyekuwa na damu ya majitu. Watoto wa nduguye, Rauðfeldur na Sölvi, walikuwa wakicheza ufukweni na binti yake Helga. Rauðfeldur akamsukuma juu ya kipande cha barafu kinachoelea, nacho kikamchukua hadi Greenland. Helga alifika salama, lakini babaye hakulijua hilo. Aliwakamata vijana wote wawili, mmoja akamtupa ndani ya ufa huu, wa pili akamtupa kutoka jabali la Sölvahamar, linaloonekana kutoka barabarani. Kisha akagawa mali yake, akapanda kwenye barafu asionekane tena. Tangu hapo huitwa Bárður Snæfellsás, mlinzi wa mlima, na watu wa pwani hii walikuwa wakimwita walipofikwa na shida. Sanamu yake kubwa ya mawe iko Arnarstapi, na unaweza kupita katikati ya miguu yake.

Kutoka sanamu hiyo kuna njia ya miguu hadi Hellnar, km 2.5 kwenda tu, kwenye lava yenye mashimo. Tatizo lake Juni na Julai ni kría, ndege mdogo wa jamii ya buabua, anayetaga chini kando ya njia. Hushuka kwa kasi na kudonoa utosi, na damu hutoka kweli. Dawa ni kuinua fimbo juu ya kichwa, kwa kuwa hushambulia kilicho juu kabisa. Usikimbie ovyo, maana unaweza kukanyaga mayai.

Halafu genge la bahari la Þúfubjarg na kilima chake, Svalþúfa. Mimi ningepunguza muda kwingine kote ili nikae hapa. Maegesho yako karibu na njia ni fupi. Mbele yako zinasimama Lóndrangar, nguzo mbili za volkano iliyolika na bahari, moja mita 75, nyingine 61. Wakulima wa hapa hawakukata nyasi za karibu na nguzo hizo, kwa kuwa ardhi ile ni ya huldufólk, watu waliofichika. Hao si vibwengo wa kuchekesha watoto. Ni watu kamili, wana mifugo na makanisa yao, isipokuwa huwaoni mpaka watake. Kwetu pia kuna misitu na mapango ambayo hakuna aliyeandika kibao lakini kila mtu anajua hapakatwi kuni, kwa hiyo mambo haya hayakutushangaza sana.

Kwenye ukingo wa Þúfubjarg ndipo mshairi Kolbeinn, aliyeitwa Jöklaskáld, alipojibizana na Shetani. Sharti lilikuwa hivi: nusu ya kwanza ya usiku Shetani anatoa mwanzo wa ubeti na Kolbeinn anaumalizia, nusu ya pili wanabadilishana. Atakayeshindwa kujibu anaanguka baharini na kuwa chini ya mamlaka ya mwenzake. Wakakaa miguu ikining'inia, mwezi ukiwaka, na zamu ya kwanza ikaisha bila mshindi. Zamu ya pili, Kolbeinn akachomoa kisu, akakishika mbele ya macho ya Shetani hadi makali yakalingana na mwezi, na akatunga mstari unaoishia na neno tungl, yaani mwezi. Katika Kiaislandi neno hilo halina kina cha kulingana nalo. Shetani akatahayari, akasema huo si ushairi. Kolbeinn akaumalizia mwenyewe kwa úln, kipande cha neno la kifundo cha mkono, na mwenzake akaporomoka kwenye mawimbi.

Msomaji aliyelelewa kwenye malumbano, anayejua Muyaka wa Mombasa alivyorushiana beti na washairi wa Lamu, ataona haraka kwamba kina hicho ni cha kulazimisha. Shetani alikuwa na haki ya kukata rufaa. Lakini kaa pale ukingoni, usikie bahari inavyopiga chini, ndipo utaelewa kwa nini hakuna aliyetaka kubishana zaidi. Tahadhari yenyewe ni ya kweli: nyasi za ukingo zimechimbwa kwa chini na upepo na ndege, zinatokeza nje bila mwamba wa kuzishika. Baki hatua tatu nyuma. Anayetaka kuona viota alale kifudifudi.

Dakika chache mbele ni Djúpalónssandur, ufuo wa kokoto nyeusi laini. Utakuta vyuma vyenye kutu vimetapakaa. Hivyo ni mabaki ya Epine, meli ya uvuvi ya Grimsby, Uingereza, iliyovunjika hapa Machi 1948. Watu 14 walikufa na 5 wakaokolewa. Vyuma havichukuliwi wala kupandwa, na kokoto pia haziondoki, zimelindwa. Usiingie majini hata hadi magotini, kwa kuwa mkondo unavuta kwa chini.

Mawe manne ya kupima nguvu yako karibu na njia unapoteremka ufuoni: Fullsterkur kilo 154, Hálfsterkur 100, Hálfdrættingur 54, Amlóði 23. Jina la hilo la mwisho ni tusi, mtu goigoi. Kijana aliyetaka kazi chomboni alipaswa kuinua jiwe na kuliweka juu ya mwamba ulio kimo cha nyonga, na aliyeshindwa na kilo 54 hakuchukuliwa. Kuliinua kutoka chini si kigumu kama kulipandisha, maana jiwe ni la mviringo, halina pa kushika, na likilowa linateleza. Vua glavu, chuchumaa, likumbatie tumboni, ndipo usimame kwa miguu. Wanaoinama kwa mgongo ndio wanaorudi garini wakichechemea. Kwa nini kipimo kikali hivyo? Tembea kilomita moja hivi hadi Dritvík. Leo hakuna kitu, lakini kwa karne tatu, tangu katikati ya karne ya 16, makumi ya mashua na mamia ya wavuvi walikaa hapo kila msimu, na maji ya kunywa yalibebwa kutoka Djúpalón. Mashua ya makasia haikuwa na nafasi ya abiria.

Tulilala upande wa kaskazini. Giza halikuingia, Juni jua huzama karibu na saa sita usiku na mwanga haukatiki. Kumbuka hilo ukisikia visa vya majitu kugeuka mawe kwa kupigwa na jua: ni visa vya majira ya baridi, wakati mchana wa Desemba una urefu wa saa nne au tano tu. Kirkjufell tulipita haraka. Ni mlima mzuri, mita 463, unaopigwa picha kuliko yote nchini, na watu wameshakufa wakiupanda. Kwa mtafuta hadithi hauna mengi.

Siku ya pili ilikuwa ya Berserkjahraun, uwanda wa lava iliyofunikwa na kuvumwani nene. Barabara namba 558 inaupita, ni ya kokoto, punguza mwendo. Usikanyage uoto huo wala usitoe gari nje ya njia. Alama ya gurudumu hudumu miaka mingi, na faini ni kubwa. Saga inasema Víga-Styrr alikuwa na wapiganaji wawili wakali, Halli na Leiknir. Halli akataka kumwoa Ásdís, binti wa Styrr. Styrr akaenda kwa Snorri wa Helgafell kuomba shauri, akarudi na sharti: wapasue njia katikati ya lava. Wakaipasua. Walipochoka akawaandalia bafu la mvuke, akalifunga na kulichochea hadi halivumiliki. Mlangoni alikuwa ametandaza ngozi mbichi ya ng'ombe. Halli akabomoa mlango, akateleza, na Styrr akawaua wote wawili. Njia yenyewe, Berserkjagata, ipo bado, mstari uliosawazishwa kati ya mawe makali, na ukiitembea unakiri kwamba kazi ilifanyika. Ásdís aliolewa na Snorri, mtoa shauri.

Huyo Snorri baadaye alibadilishana shamba na Guðrún Ósvífursdóttir, aliyeolewa mara nne, na Guðrún ndiye anayelala chini ya Helgafell, kilima cha mita 73 karibu na Stykkishólmur. Kuna kiingilio kidogo. Anzia kaburini pake, panda hadi kwenye kuta za mawe zilizobaki kileleni bila kusema na bila kutazama nyuma. Geukia mashariki, omba mambo matatu yenye nia njema, teremka upande wa mashariki, na usimwambie mtu. Kinachowaponza watu ni kofia: upepo unaipeperusha, wanageuka. Funga kamba kidevuni, zima simu, na mwenye watoto wadogo awapandishe mara ya kwanza kwa kelele zao, kisha arudi kaburini na kuanza upya.

Kurudi kusini tulipita Vatnaleið, namba 56. Kando yake ni mlima wa pito la zamani la Kerlingarskarð, na juu kuna jitu la kike, kerling, lililochelewa kurudi kutoka kuvua na kukutwa na mapambazuko likiwa na mtungo wa samaki begani. Samaki hawaonekani bila darubini. Usisimame barabarani kumtafuta; hakuna bega la barabara, na malori ya samaki wa kweli yanapita kwa km 90.