Kabla hujauza paini zako zipime kwanza

Jamani wenye mashamba ya paini, hii tabia ya mnunuzi kuja akazunguka nusu saa, akaangalia juu, akataja bei ya shamba zima na mwenye shamba akakubali huwa inaniuma sana, mti umeulea miaka yote hiyo halafu unauzwa kwa macho! Kupima unaweza kabisa mwenyewe.

Anza na unene. Zungusha tepu kwenye shina mita 1.3 kutoka chini (kwenye mteremko simama upande wa juu), mzunguko ukiupata gawa kwa 3.14 hicho ndo kipenyo. Watu wengi akili yote wanapeleka kwenye urefu wakati kipenyo ndo kinabeba hesabu, maana kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe. Ukizidisha urefu kwa asilimia 10 ujazo nao unazidi asilimia 10 basi, ila ukizidisha kipenyo kwa asilimia 10 ujazo unaruka asilimia 21. Kwahiyo tepu isilegee na isipite juu ya kinundu cha tawi.

Urefu sasa. Kama huna klinomita (kifaa cha kupima nyuzi za mwinuko) tafuta fimbo, sehemu inayobaki juu ya ngumi yako iwe sawa na umbali wa kutoka jichoni mpaka kwenye ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Ishike wima, rudi nyuma mpaka ngumi ikae usawa wa kitako cha mti na ncha ya fimbo ikae usawa wa kilele, hapo ulipo mpaka kwenye mti ndo urefu wake, kama ardhi ni tambarare. Ukiwa na klinomita, tuseme umesimama mita 25 kutoka kwenye mti, kilele kinasoma nyuzi 40 juu na kitako nyuzi 4 chini, zidisha umbali kwa tanjenti ya kila nyuzi (kitufe cha tan kwenye kikokotoo), hiyo ni mita 21 na 1.7, jumla kama mita 22.7. Usisogee karibu, kaa mbali angalau sawa na urefu wa mti, maana ukiwa karibu unalenga tawi la pembeni ukidhani ni kilele na mti unakuwa mrefu kwenye karatasi tu.

Ukishapata hivyo viwili, chukua eneo la duara la shina (nusu ya kipenyo kwa mita, zidisha chenyewe kwa chenyewe halafu kwa 3.14) zidisha kwa urefu, halafu punguza maana shina linachongoka kwenda juu. Kwa paini nyingi unazidisha na kama 0.45, ila kama kuna jedwali la ujazo la aina yako ya paini tumia hilo, ni bora zaidi. Mti wa kipenyo sentimita 30 na urefu mita 20 unakupa kama mita za ujazo 0.64.

Huwezi kupima shamba zima, kwahiyo piga duara kwa kamba ya mita 11.28 kutoka katikati, eneo lake ni mita za mraba 400, pima kila mti ulioko ndani, jumla ya ujazo wao zidisha kwa 25 unapata wa hekta. Piga maduara kadhaa uchukue wastani, na sehemu za kuyaweka zipange kabla hujaingia shambani, sababu ukichagua ukiwa ndani jicho litakupeleka kwenye miti mizuri, na ile ya pembezoni inapata mwanga mwingi inanenepa kuliko wenzake.

Na mkianza kuongea bei muulize mnunuzi analipia ujazo wa mti uliosimama, magogo, au mbao zilizopasuliwa, maana magome, mabanzi na vumbi la msumeno vinakula sehemu kubwa, na kwenye miti myembamba vinakula zaidi.