Kigimbi Kisichouma

Mama wa huduma ya kwanza alipiga magoti mbele yangu, akanishika kisigino kwa mikono miwili, akauliza, "Panauma wapi, dada?"

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara ya kupanda Mweka, mgongo kwenye migomba, uso kwa wanariadha waliokuwa wakinipita. Mkononi nilikuwa na sponji niliyopewa kwenye meza ya maji. Maji yake yalikuwa yameshachuruzika hadi kwenye kiwiko na kukauka, nami nimeishikilia tu. Sikuwa nimechoka. Pumzi ilikuwa imetulia na miguu ilikuwa mizima kabisa. Ila nilipofika kwenye ile kona nilishindwa kuiambia miguu iende.

Ningemwambia nini yule mama? Nikanyoosha kidole kwenye kigimbi cha kulia. "Hapa."

Akakibonyeza taratibu, akasema pole, akatoa bendeji kwenye begi na kuanza kunifunga kutoka kifundoni kwenda juu, kwa makini sana, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Nilimtazama kichwani alivyoinama na machozi yakanitoka. Akadhani ni maumivu.

Hiyo ilikuwa mwisho wa Februari 2011, nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi. Kwetu tuliokuwa tunaishi kambini Arusha mbio zile zilikuwa za nyumbani. Unapanda Coaster Jumamosi, unalala gesti, alfajiri unatembea kwa miguu mpaka uwanja wa Ushirika. Moshi iko chini kuliko Arusha, kwa hiyo mapafu yanajisikia mepesi, na kilima cha Mweka hakimtishi mtu aliyezoea barabara za Ngaramtoni na Ilboru. Kocha alikuwa ananihesabu miongoni mwa watano wa kwanza. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimekimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 14, na mdogo wangu kule Mbulu alikuwa anasoma kwa fedha ya miguu hii.

Watu wakisikia habari hii huuliza kwanza ni kitu gani kilinipata. Hakuna kilichonipata. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha, sikuwa na deni. Ilianza Oktoba. Nilianza kuamka saa tisa usiku, macho makavu, na usingizi haurudi tena mpaka kengele ya saa kumi na moja. Chakula kikakosa ladha. Nilikuwa natafuna ugali kwa kuhesabu, kama mtu anayetimiza zoezi. Kocha alitufundisha kupima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani na kuyaandika kwenye daftari. Mapigo yangu yalikuwa 44. Kufikia Desemba yalikuwa 58. Kocha aliliangalia daftari, akasema ni uchovu, akanipa siku mbili za kupumzika. Katika siku mbili hizo nililala nimeelekea ukutani. Asubuhi moja ya Januari nilikaa kitandani nimeshika soksi mbili, ya bluu na nyeupe, nikashindwa kuamua nivae ipi, na wenzangu wakaondoka bila mimi.

Sikumwambia mtu, na sababu ya kutosema ninaikumbuka vizuri. Miaka miwili kabla, kambini kwetu kulikuwa na kijana wa mita 10,000, mpole, mwenye hatua ndefu. Alianza kunyamaza. Kisha akawa hatoki chumbani. Wengine walisema kalogwa, wengine walisema bangi, na kijana yule hata soda alikuwa anakunywa kwa nadra. Ndugu zake walikuja kumchukua kwenda nyumbani, lakini habari iliyoenea uwanjani ni kwamba kapelekwa Mirembe. Mirembe ni hospitali iliyoko Dodoma, wagonjwa wanatibiwa pale na wengi wanarudi makwao wazima. Ila kwa Kiswahili chetu cha mtaani jina lile limekuwa tusi. Mtu akikosea kuhesabu mizunguko uwanjani wenzake wanamwambia, wewe wa Mirembe. Wiki moja baada ya kijana yule kuondoka, spaiki zake na raba zake mbili ziligawanywa. Alikuwa hai, viatu vyake vinagawanywa. Kila nilipomwona mwenzetu mmoja kavaa zile raba nilikuwa nakumbuka.

Kwa hiyo bendeji ile niliipokea kama mtu aliyepewa hati ya kusafiria. Niliporudi Arusha nikichechemea, chumba kizima kiliinuka. Tulikuwa wasichana wanne kwenye chumba kimoja Sakina, na tangu Oktoba hakuna aliyeniuliza kitu. Sasa mmoja alinitandikia, mmoja akawasha jiko la mchina akanipikia uji wa ulezi, mmoja akaenda dukani kuniletea dawa ya kuchua. Jioni Kocha akaja mwenyewe na ndizi na lita ya maziwa. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kunisimulia habari za Akhwari.

Hakuna mkimbiaji wa Tanzania asiyemjua John Stephen Akhwari, na kwa sisi wa Mbulu ni kama babu wa ukoo. Mexico, Oktoba 1968, alianguka njiani kwenye marathoni ya Olimpiki, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, saa moja na zaidi baada ya mshindi, mtu wa mwisho, anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Kocha alisimulia vizuri kama kawaida yake, na sauti ikamtetemeka pale pale ilipomtetemeka siku zote. Alikuwa ananitia moyo. Mimi nilikuwa naitazama bendeji yangu. Picha ile ya goti lililofungwa nimekua nayo, ndiyo iliyonitoa kijijini, na usiku ule iliniumiza kuliko kitu chochote. Maana kidonda cha Akhwari kilionekana na dunia nzima. Changu kingefungwa wapi?

Nilichechemea wiki mbili. Uongo wa mwili ni kazi ngumu, unahitaji kumbukumbu. Siku moja nilikwenda bafuni nikiwa na usingizi, na nikarudi nachechemea mguu wa kushoto. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa mlangoni anasugua viatu. Aliniona. Tukatazamana. Hakusema neno. Jioni, wengine walipokwenda sokoni, alikaa kitandani kwangu, akauchukua mguu wa kulia, akaifungua bendeji iliyokuwa imelegea na kuifunga upya, akaikaza. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kesho twende hospitali. Mimi nitakusindikiza."

Tulikwenda kwa kifodi, tukanunua daftari la mgonjwa getini, tukakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana, amechoka, ana kalamu mbili mfukoni. Aliikunja bendeji ikawa gurudumu dogo, akaiweka mezani. Akabonyeza kigimbi, akakunja wayo, akaniambia nisimame kwa mguu wa kulia peke yake na kuinuka kwa vidole.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Unavyoweza."

Na mimi ni mwanariadha. Ukiniambia niinuke, ninainuka. Nilianza kuhesabu kwa sauti kama tunavyofanya uwanjani, mgongo umenyooka, mikono kiunoni, na nilikuwa nimefika ishirini ndipo nikagundua nilichokifanya. Chumba kilikuwa kimya. Mwenzangu alikuwa anatazama sakafu.

Daktari alivuta kiti karibu. Hakucheka, hakunikemea. Alisema, "Huu mguu hauna kitu, dada yangu. Unalala usiku?"

Miezi mitano hakuna aliyeniuliza swali hilo. Niliulizwa muda wangu, uzito wangu, mapigo yangu, kilomita zangu. Nililia mpaka nikashindwa kujibu, na mwenzangu ndiye aliyejibu: "Halali. Anaamka saa tisa. Anadhani tumelala." Kumbe alikuwa macho naye, usiku kwa usiku, ananisikiliza.

Daktari aliandika kwenye daftari neno moja la Kiswahili: sonona. Nilikuwa nalijua kusononeka, mama alikuwa analitumia kwa mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Sikujua kwamba linaweza kuandikwa kwenye daftari la hospitali, na tarehe juu yake na sahihi chini yake. Alinieleza kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unawapata wenye nguvu na wasio na nguvu, na kwamba kuna watu unawashika bila msiba wowote. Akaniandikia vidonge vya kumeza usiku. Akanionya kwamba mdomo utakauka, usingizi utakuja haraka lakini nafuu ya moyo itachukua wiki kadhaa, na nisiviache kwa sababu tu sioni kitu.

Niliuliza swali ambalo nadhani hajawahi kuulizwa na mgonjwa wa namna yangu: je, nikipimwa dawa za kusisimua misuli, nitafungiwa? Alikaa, akasema hajui, akatoka. Akarudi baada ya dakika ishirini, kampigia mtu simu. Vidonge vile havimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa michezoni. Ninamheshimu mpaka leo kwa zile dakika ishirini. Foleni ilikuwa mpaka nje, na alichukua maisha yangu ya mbio kama sehemu ya matibabu.

Jumanne iliyofuata niliifua bendeji, nikaikausha, nikaikunja, nikaenda nayo uwanja wa Amri Abeid. Kocha alikuwa kwenye jukwaa na saa yake ya mkononi, anawapigia kelele vijana wa mita 800. Nikasubiri wamalize. Kisha nikamwekea ile bendeji mapajani na kumweleza yote, kuanzia soksi za Januari. Aliigeuza mkononi. Mzunguko mzima wa uwanja ulipita kabla hajasema kitu.

"Nani mwingine anajua?"

Nikamtajia mwenzangu, na daktari.

"Basi tutasema ni mguu," akasema. "Miezi mitatu. Msuli umechanika. Hakuna atakayegusa viatu vyako."

Alijua habari ya viatu. Alikuwa anaijua muda wote, na naamini ilimla. Siku ile niliona amenifunika kwa mwili wake, nikamshukuru. Alinipelekea fedha ya chakula mkononi mpaka Juni, nilipoanza tena kukimbia taratibu, kilomita nne, sita, nane. Lakini kila aliyenipa pole ya mguu alinisukuma hatua moja nyuma, nikawa mgonjwa mwenye watu wengi na mpweke kabisa. Na binti mwingine yeyote pale kambini aliyekuwa anaamka saa tisa usiku hakupata kujua kwamba hayuko peke yake. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikimbia misimu mingine minne, na sikumwambia hata mmoja.

Miaka kumi ilipita. Mei 2021 Naomi Osaka alijitoa kwenye mashindano ya tenisi ya Ufaransa, akaandika wazi kwamba amekuwa na vipindi vya sonona tangu 2018. Nilisoma kwenye simu nikiwa dukani kwangu Sanawari, nikafunga duka nusu saa. Tarehe 27 Julai, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, aliruka mara moja tu kwenye fainali ya timu, akajiondoa, akasema mbele ya kamera kwamba anailinda akili yake. Ilielezwa baadaye kwamba akiwa angani alikuwa anapoteza mwelekeo, hajui juu wala chini. Watu wengi walimtukana. Wengi zaidi, na hili sikulitarajia, walimpa pole ile ile wanayompa aliyevunjika mguu.

Usiku ule simu yangu iliita. Kocha. Ameshazeeka, na huwa hapigi baada ya saa mbili.

"Umemwona yule binti wa Marekani?"

"Nimemwona, Kocha. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaa kimya. Nilisikia redio nyuma yake, na mbwa. "Amesema mwenyewe. Hakuna aliyemsemea mguu."

Sikumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba alinisaidia, na nilitaka kumwambia kwamba alinikosea, na yote mawili yalikuwa kweli.

"Nimekupigia kwa sababu nina binti hapa," akaendelea, kwa sauti ya chini. "Wa Hanang. Mwezi wa pili sasa anasema nyonga. Nimeikagua mwenyewe, nimempeleka akapigwa picha. Nyonga haina kitu. Nimuulize nini, mama?"

Hajawahi kuniita mama kabla ya siku ile.

"Muulize kama analala," nikasema.

Hakuaga. Nilisikia kiti kikisogezwa, malapa yake kwenye sakafu, na komeo la mlango likifunguliwa kabla simu haijakatika.