Dola 299 na dola 1,599: kadi mbili za michoro, kazi moja

Kazi yangu ni kuhariri video za kampuni za utalii hapa Arusha, na kila kijana anayeingia katika kazi hii huniuliza kama ajinyime anunue kadi ya michoro (kipande cha kompyuta kinachochora picha za skrini na kubeba kazi nzito za video) ya juu kabisa au atosheke na ya kati. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu kwa kukisia. Hivi karibuni niliamua kujionea mwenyewe: nilitia mradi mmoja wa picha za Ngorongoro katika diski ya nje, nikapanda Coaster hadi Moshi kwa swahiba wangu anayechora majengo, ambaye kompyuta yake ina kadi kubwa ya Nvidia, RTX 4090, nikaufungua mradi uleule ninaouhariri nyumbani Njiro kwa kadi ndogo zaidi, RTX 4060.

Kwenye karatasi hesabu yake inachekesha. 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299 ikiwa na viini (vitengo vidogo vya kupiga hesabu) 3,072, na 4090 ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599 ikiwa na viini 16,384. Ukigawanya, bei imezidi takriban mara 5.3 na viini vimezidi takriban mara 5.3, kana kwamba vinapimwa kwa ndoo kama nyanya za soko la Kilombero. Kasi, hata hivyo, haipandi hivyo. Katika michezo ya kompyuta ya 4K, yaani picha yenye nukta nyingi, kadi kubwa huizidi ndogo kwa takriban mara tatu, na ukishuka hadi 1080p, yenye nukta chache, pengo hukaribia mara mbili tu, kwa kuwa hapo prosesa, ubongo wa kompyuta, ndiyo inayoshindwa kuipa kadi kazi ya kutosha. Na mwenye monita ya hezi 60, inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, haoni zaidi ya fremu 60 kwa sekunde, hata kadi ikizalisha 200.

Lakini mimi sichezi michezo, nakula kwa video. Njiro, nikishabonyeza kitufe cha kutoa filamu, huteremka kwa mama wa chapati, nikanywa chai, nikarudi na kuikuta bado inaelekea mwisho. Kule Moshi kazi ilikwisha kabla chai haijamiminwa. Hilo nililitegemea. Kilichonigusa zaidi ni kumbukumbu, maana 4060 ina GB 8 na 4090 ina GB 24. Nikijaribu kusafisha chembechembe za picha ya 4K ya fisi iliyopigwa jioni, kisha nikaongeza rangi na maandishi juu yake, programu yangu husimama na kuniandikia kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Viini vikiwa vichache unasubiri, na kusubiri kunavumilika. Kumbukumbu ikiisha, kazi inakataa, na mteja haelewi lugha hiyo. Ndiyo maana sioni aibu kusema kwamba RTX 3060 ya mwaka 2021, yenye GB 12, inaweza kumfaa mhariri kuliko 4060 iliyoifuata, ingawa katika michezo mingi hii mpya ndiyo yenye kasi.

Jambo moja lilitunyamazisha sote wawili. Sehemu ya picha zile ilirekodiwa kwa H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 katika mfumo wa 4:2:2, unaohifadhi rangi kwa undani zaidi, ambao kamera nyingi za kisasa zinautumia, na zilipochezwa zilikwamakwama kwenye 4090 kama zinavyokwamakwama kwangu. Sababu ni kwamba kizazi kizima cha RTX 40 hakina sehemu ya kuufungua mfumo huo ndani ya kadi, kwa hiyo mzigo huangukia prosesa. Kizazi cha RTX 50 kinayo, mpaka kwenye 5060 iliyotoka Mei 2025 kwa dola 299. Kwa kazi hiyo moja, basi, kadi ya kati inaishinda kadi iliyoizidi bei mara tano. Swahiba wangu hakupendezwa, ila majumba yake ya pande tatu hayana habari na 4:2:2, na kwake kila kiini alichokilipia kinafanya kazi.

Bei hizo zote ni za Marekani siku ya uzinduzi. Mpaka kadi ifike dukani Arusha imeshabeba usafiri, VAT na faida ya muuzaji, na nyongeza hizo huuma zaidi pale bei ya msingi inapokuwa kubwa. Kisha kuna umeme. 4060 hula wati 115, 4090 hula hadi 450, na mtengenezaji anashauri pawa saplai ya wati 850 kwa hiyo kubwa. UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ndogo ya VA 650, ambayo ndiyo tuliyonayo wengi wetu, hubeba takriban wati 360, yaani haiwezi kuibeba hata kadi peke yake ikiwa kazini. Swahiba alilijua hilo siku TANESCO walipokata umeme katikati ya kazi: UPS ilipiga kelele mara moja tu, ikazima, na mchoro wa usiku kucha ukapotea. Gharama ya UPS kubwa aliyoinunua baadaye hakuwa ameihesabu katika bei ya kadi. Mwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika atazame vilevile mazabodi yake, ile bodi kuu, kwa kuwa 4060 hutumia njia 8 tu za PCIe, zinazopitisha data kati ya kadi na bodi hiyo, na kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 kasi ya njia hizo hupungua kwa nusu.

Kijana wa Sakina aliyeniuliza wiki hii nimemwambia atafute RTX 5060 Ti ya GB 16, iliyotangazwa kwa dola 429, na ahakikishe kwenye boksi kwamba si ile ya GB 8, kwa sababu zina jina moja. Fedha atakayobakiza anunue UPS inayostahili na diski ya pili. Mimi mwenyewe nimeshaitangaza 4060 yangu kwa wanaocheza michezo. Anayeitaka ataikuta safi, nimeipuliza vumbi jana.